Nani Ameshika Ufunguo wa Barua Zako?

Wanafunzi wengi wa shule hii wana barua pepe, lakini ni wachache wajuao ufunguo wake uko kwa nani. Nikisema ufunguo sina maana ya neno la siri. Neno la siri husahauliwa, hasa na sisi tulalao bwenini muhula mzima bila kugusa simu. Ufunguo nisemao ni ile namba ya simu ambayo hupelekewa tarakimu za kufungulia, siku akaunti inapokataa kukutambua. Mwenye namba hiyo ndiye mwenye barua zako, nami naona kwamba kwa wengi wetu mtu huyo si sisi wenyewe.

Sababu zajulikana. Hapa Uganda laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na kadi ya kitambulisho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 16. Basi mtoto wa S.1 hutumia namba ya baba, au ya shangazi, au (na hili ndilo baya zaidi) namba ya kijana wa duka la intaneti kule Wandegeya aliyemfungulia akaunti ili amsaidie kujaza fomu. Halafu namba zenyewe hufa. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa.

Namjua mwanafunzi mmoja aliyemaliza S.6 mbele yetu. Barua pepe yake ilifunguliwa kwa namba ya mjomba wake, na mjomba akaenda kufanya kazi Arabuni. Kijana akapata simu mpya, akaandika neno lake la siri bila kukosea, akaunti ikamkataa: ikataka tarakimu zilizopelekwa kwa namba ya mjomba. Akaipiga namba ile. Akapokea mama mmoja wa Masaka, asiyemjua mjomba wala mpwa. Kijana akamsihi, “Mama, nakuomba unisomee tarakimu zilizoingia katika simu yako.” Mama akakata simu. Nami nasema alifanya vyema, maana maneno hayo hasa ndiyo wasemayo matapeli kila siku, na mtu mwenye akili hasomi tarakimu kwa asiyemjua.

Mwisho kijana alirudi Wandegeya, kwenye duka lile lile na kompyuta ile ile aliyokuwa akiitumia zamani. Hilo lilikuwa shauri jema, kwa kuwa makampuni haya hupima pia kifaa na mahali mtu anapotokea. Anayejaribu kutoka mahali papya kwa simu mpya hutiliwa shaka. Akajibu maswali, akaambiwa angoje. Siku chache baadaye akaingia. Barua ya msaada wa masomo aliyokuwa akiitazamia ilikuwamo, na siku ya mwisho ya kuijibu ilikuwa imepita kwa siku nne. Nafasi alipewa mwingine.

Wengi waliosikia habari hii walilaumu kampuni. Walisema ingefaa iwe na ofisi hapa Kampala, mtu aende na kitambulisho chake afunguliwe, kama mtu aliyepoteza ufunguo wa sanduku la posta aendavyo Posta Kuu, Kampala Road. Mimi sikubali. Karani wa posta aweza kukutazama usoni, naye ana sanduku moja mbele yake. Lakini barua pepe hufunguliwa kutoka pembe yoyote ya dunia, na magazeti yetu yameandika mara nyingi juu ya vyeti vya uongo vinavyochapwa Nasser Road. Ofisi ikifungua kwa karatasi tu, wa kwanza kupanga mstari atakuwa mwizi. Mlango mgumu ni mlango mzuri. Taabu yetu ni kwamba twaukumbuka ufunguo siku ya msiba.

Dawa yake haina gharama. Ukiwasha ulinzi wa hatua mbili, Google hukupa tarakimu 10 za akiba, kila moja ya herufi nane za namba, nayo hutumika mara moja tu. Hizo hushika nafasi ya simu iliyopotea. Ziandike katika karatasi, uiweke pamoja na cheti chako cha PLE. Mwalimu mmoja aliniambia karatasi yaweza kuibwa. Ni kweli, lakini mwizi atahitaji neno la siri pia, na hilo halimo katika karatasi. Kwa neno la siri lililosahauliwa, weka anwani ya pili ya mzazi. Mwizi akikuingilia akabadili namba yako ya simu, usikae ukilia: kwa muda wa siku 7 Google yaweza bado kupeleka tarakimu kwa namba yako ya kwanza. Tena tangu Desemba 2023 kampuni hiyo yaweza kuzifuta akaunti zilizoachwa miaka miwili bila kutumiwa, kwa hiyo ingia angalau kila likizo.

Twashangaza sisi! Hapana mtu atakayempa muuza chapati namba yake ya siri ya simu ya fedha, hata kama ndani mna shilingi elfu mbili tu. Lakini barua pepe, ambamo majibu ya chuo kikuu yatapitia, twaiacha mkononi mwa yeyote aliyekuwa na simu siku ile.

Namwomba Mwalimu Mkuu atupe kipindi kimoja katika chumba cha kompyuta, kila mmoja atazame namba iliyoandikwa katika akaunti yake na kuibadili ikiwa si ya jamaa aliye karibu. Mwalimu wa kompyuta asema dakika 40 zatosha darasa moja. Waanze S.6, kwa sababu wao watakwenda zao mara baada ya mitihani ya UNEB.