Kutoka Ufuoni Hadi Juu ya Paa



Kikundi chetu cha kutazama nyota kilianza kwa kosa. Jioni ya tarehe 29 Shaaban, miaka mitatu iliyopita, tulikwenda ufuoni, wanaume wachache na vijana wa madrasa, kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani. Tulisahau jambo ambalo kila baharia wa pwani hii alilijua: bahari yetu iko mashariki, na mwezi mwandamo huonekana magharibi, upande linakotua jua. Mbele yetu palikuwa na maji matupu. Nyuma yetu minazi na majumba yameziba upeo. Tulirudi kimya.

Ndipo mama mmoja wa mtaani alipotufungulia paa la nyumba yake, paa la saruji ambalo upande wake wa magharibi u wazi. Tulipata upeo, na tukapata kubwa kuliko huo. Mama hawezi kwenda ufuoni usiku na wanawe, lakini kwa jirani yake huenda. Kina mama wakapanda na mikeka, birika za chai ya tangawizi na watoto, hata ikatubidi tugawe siku: usiku wa kina mama na mabinti, na usiku wa wanaume na wavulana.

Siku moja watoto walikuwa wakifunzwa msemo wa wazee: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtoto akauliza, "Kilimia ndicho kipi?" Walimu wakaanza kuigeuza-geuza ramani ya nyota. Bibi mmoja, aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake tu, akanyoosha kidole bila kuinuka mkekani: kishada kile cha nyota ndogo. Akaeleza kwamba wakati wa masika hupotea magharibi mara baada ya jua kutua, kisha hurudi mashariki kabla ya alfajiri wakati wa kipupwe. Tangu usiku ule bibi huyo ni mwalimu wetu.

Darubini yetu ni ndogo, tuliyoinunua kwa mchango, lakini yatosha kuonyesha miezi minne ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Binti mmoja wa gredi ya 7 aliichora daftarini. Kesho yake alipanda tena na mamake, akakuta imebadili mahali. Hakuambiwa na mtu kwamba inaizunguka sayari yake, alilijua mwenyewe.

Kisha babake akamzuia. Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa, kwani usiku si wakati wa binti kuwa nje. Hatukubishana naye, tulimwalika. Alikuja usiku wa wanaume, akaona mlango wa chini ukifungwa, akasikia masharti: tunakaa baina ya Magharibi na Isha, kila binti huja na mama au bibi yake, na picha hazipigwi. Sisi tulio karibu na ikweta giza hutuingia upesi, kwa hiyo muda huo watosha. Juma lililofuata binti alirudi, na daftari lake mkononi.

Wazazi wengine bado wanasita. Twawakumbusha kwamba katika karne ya 10, mjini Halab, al-Ijliyya, binti wa mtengeneza asturlabu, aliifanya kazi ya babake katika zama za Sayf al-Dawla. Elimu hii haikuwa ngeni kwa mabinti wa Kiislamu.

Tarehe 29 Shaaban tutapanda tena, inshaallah. Tukiuona mwezi, tutapeleka ushahidi kwa wanaohusika, maana kuutangaza si kazi yetu bali ni ya Kadhi Mkuu. Tusipouona, watoto watajua sababu: mwezi mchanga ulio karibu mno na jua hufunikwa na mwangaza wake, na huzama kabla giza halijaingia. Anayejua hayo hatafanya haraka kumkejeli jirani aliyefunga siku nyingine.

Njooni na mikeka yenu, na msiwaache mabibi nyumbani.