Kozi ya Kompyuta Ni Kutaipu Tu?

Wasee, tusidanganyane. Ukisikia "kozi ya kompyuta" hapa Amu, ni Word, Excel, cheti, kwaheri. Ukiuliza ndani ya chipu kunaendaje, unaambiwa hiyo ni ya maprofesa. Uongo mtupu!

Chukua hesabu za nukta inayohama, zile gemu lako linazila kila sekunde. Kwa binari, 1.0010 ukitoa 1.0001 inabaki 0.0001. Sifuri za mbele hazitakiwi. Chipu lazima isukume namba kushoto mpaka 1 itangulie nukta. Njia ya kizembe ni kungoja jibu litoke, ndipo uhesabu sifuri, ndipo usukume. Foleni! Mwaka 1990, Hokenek na Montoye wa IBM walieleza saketi ya RS/6000 inayozitazama zile namba mbili wakati hesabu bado inaendelea, ikabashiri sifuri zitakuwa ngapi. Ubashiri wa aina hii unaweza kukosea nafasi moja. Sawa tu, unasukuma moja zaidi mwishoni, na muda umeshauokoa.

Sasa niambie mtoto wa Shela aliyepanda mashua ya mashindano hataelewa hilo. Kwani mabaharia hungoja chombo kilale ndipo wahamie ubao wa upande wa pili? Wanausoma upepo mapema, wakizidisha kidogo wanajirudi. Akili ni ileile, bana.

Mimi ada ya muhula mzima kupaka sela rangi silipi tena bila kuuliza chipu tutaifungua lini. Na wewe waulize, kabla hujatuma M-Pesa.