Ugonjwa wa vali za moyo huanzia kooni, si kwenye sahani pekee

Ukipitia TikTok jioni moja tu, hutakosa mtu ameshika glasi ya juisi ya biti na tangawizi akiapa kwamba ukiinywa kwa wiki mbili, moyo wako utakuwa safi kama mpya. Wewe nawe unaseti, unamtumia mama, maisha yanasonga. Hakuna ubaya kunywa biti. Shida ni kwamba upo ugonjwa wa moyo unaowakamata vijana wengi hapa kwetu, na huo hausikii biti wala tangawizi. Ni ugonjwa wa vali.

Moyo wako una vali nne. Zifikirie kama milango inayofunguka upande mmoja tu: damu ikishapita, mlango unafunga ili isirudi nyuma. Milango hiyo hufunguka na kufunga takriban mara 100,000 kwa siku. Vali ikikaza, damu hupita kwa shida. Ikilegea, damu huvuja na kurudi ilikotoka. Vyovyote vile, moyo unafanya kazi ya ziada hadi unachoka. Ndipo kijana wa miaka 22 anaanza kuhema akipanda ngazi za ploti, miguu inafura jioni, na usiku hawezi kulala bila kurundika mito.

Ushauri mwingi unaousoma mtandaoni umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako vali huharibika zaidi uzeeni kwa kuganda kalsiamu. Huku kwetu hadithi ni tofauti. Mara nyingi mgonjwa ni kijana, na chanzo ni koo.

Mtoto wa kati ya miaka mitano na 15 anapata maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokokasi. Asipotibiwa vizuri, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wake inaweza kuchanganyikiwa na kuanza kushambulia mwili wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi: viungo vinauma, leo goti, kesho kiwiko. Maumivu hayo huisha, lakini vali, hasa ile ya upande wa kushoto inayoitwa mitrali, inabaki na kovu. Homa ikirudi, kovu linaongezeka. Miaka inapita bila dalili yoyote, kisha mtu anagundua akiwa chuoni, kazini, au akiwa mjamzito.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa ugonjwa huu umewakumba watu milioni 55 duniani na huua takriban 360,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2018 mataifa wanachama yalipitisha azimio la kuutokomeza. Nchi tajiri ziliusahau zamani. Unajua kwa nini umebaki kwetu? Bakteria huyu anapenda msongamano. Watu sita wakilala kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mmoja akikohoa wote wamepata. Kwa hivyo tukiulizana kuhusu moyo wa kijana wa Mathare au Kibera, tunaulizana pia kuhusu nyumba, maji na zahanati.

Dawa rahisi, upasuaji ghali

Hapa ndipo hesabu inauma. Koo la bakteria hutibiwa kwa penisilini, ama sindano moja au vidonge vya siku kumi. Ni dawa ya tangu enzi za babu zetu, na bei yake si ya kutisha. Lakini mtaani tunafanyaje? Tunaenda kwa chemisti, tunanunua vidonge vinne vya antibayotiki, koo likipoa kidogo vilivyobaki vinawekwa kabatini. Kumbuka pia kwamba koo nyingi huletwa na virusi na hazihitaji antibayotiki kabisa. Ndiyo maana mtoto mwenye homa, koo jekundu na tezi zilizovimba shingoni, hasa asipokuwa na kikohozi wala mafua, anafaa kuonwa na daktari.

Chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma zinafaa kulipiwa na serikali, mradi umejisajili. Upasuaji uko kwenye mfuko mwingine, ule unaokatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mtu wa jua kali naye anatakiwa kulipa ya mwaka mzima, si chini ya Sh3,600. Wengi wetu tumejisajili na hatujalipa. Basi koo la mdogo wako linaweza kuangaliwa bure, ila vali yake ikishaharibika mtaanza kutafuta michango ya WhatsApp. Nayo zahanati isipokuwa na penisilini siku hiyo, huo usajili unasaidia nini? Swali hilo muulize MCA wako akija kuomba kura. Afya ni kazi ya kaunti.

Upasuaji wa vali hufanywa hapa nchini, ikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Tenwek kule Bomet. Daktari anaweza kurekebisha vali au kuweka mpya. Ya tishu ya mnyama huchakaa, na kwa vijana huchakaa haraka zaidi. Ya chuma hudumu miaka mingi, lakini utameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote. Kwa msichana anayetaka watoto uamuzi ni mgumu zaidi, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mazungumzo hayo na daktari yanafaa kufanyika kabla ya mimba.

Na sukuma wiki je?

Wagonjwa wengi wa warfarini huambiwa na majirani waache mboga za kijani. Ni kweli sukuma wiki, mchicha, kunde na managu zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Lakini kuziacha kabisa si jibu. Ukiacha ghafla, damu inaweza kuwa nyepesi mno ukavuja. Ukila rundo zima wikendi moja, inaweza kuganda na kukuletea kiharusi. Siri ni kula kiasi kilekile wiki baada ya wiki, na kwenda kupimwa INR kila tarehe uliyopewa. Dawa za kienyeji na vidonge vya maumivu usivimeze kabla ya kumuuliza daktari.

Chakula kina kazi yake. Moyo uliochoka hauwezi kubeba maji mengi, na chumvi hushika maji mwilini. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Sasa hesabu: chips uliyonyunyizia, smokie ya kona, viungo vya kyubu kwenye mchuzi, krisps za usiku. Kijiko kimeisha kabla ya chakula cha jioni. Pika ndengu, maharagwe na omena kwa nyanya, dhania, kitunguu saumu na ndimu, halafu uone kama utakosa ladha. Hilo litakusaidia shinikizo la damu hata kama vali zako ziko sawa.

Piga meno mswaki pia. Kwa mwenye vali mbovu, bakteria wa fizi wanaweza kuingia kwenye damu na kukaa moyoni.

Kama uliwahi kuambiwa una homa ya baridi yabisi, usiruke sindano ya kila wiki tatu au nne eti kwa sababu unajisikia fiti. Hiyo sindano ndiyo inayozuia kovu lisiongezeke. Kama unahema bila sababu, omba kupimwa moyo kwa mashine ya eko. Na mdogo wako akilalamika koo wiki hii, mpeleke zahanati, kisha hakikisha amemaliza dawa yote.