Klorini si ya kukadiria kwa jicho

Karatasi ya mtihani wa kemia wa kidato cha nne huwa na mstari wa uzito wa atomi uliowekwa kumsaidia mtahiniwa: H = 1, C = 12, O = 16, Na = 23, Cl = 35.5. Mwanafunzi huchukua namba anayoitaka, hukokotoa, kisha hufunua ukurasa unaofuata. Ni nadra kuulizwa kwa nini wengine kwenye mstari huo wana namba nzima na klorini ina nusu. Nusu hiyo iliwasumbua wakemia wa Ulaya kwa miaka 100 na ushei, na kisa chake kinamhusu hata mama anayetia dawa kwenye dumu la maji bila kujua ametia kiasi gani.

Mwaka 1815 daktari mmoja wa London, William Prout, alitoa rai iliyowavutia wengi: uzito wa kila elementi ni uzito wa haidrojeni uliojirudia mara kadhaa kamili. Elementi nyingi zilielekea kumkubalia. Klorini ikagoma. Wapo waliosema vipimo vina kasoro, na wapo waliotaka haidrojeni ikatwe nusu ili hesabu ikae sawa. Mbelgiji Jean Stas alipima, akarudia, akapima tena kwa umakini ambao wenzake wa zama zile hawakuufikia. Klorini ilibaki palepale karibu na 35 na nusu, haisogei kwenye 35 wala kwenye 36. Stas angeweza kuzungusha namba na kulala usingizi wake. Hakufanya hivyo.

Jibu lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika maabara ya Cavendish, Cambridge, Francis Aston alitengeneza chombo cha kurusha atomi zilizotiwa chaji na kuzipindisha kwa umeme na sumaku, hivi kwamba nzito na nyepesi ziliangukia mahali tofauti kwenye bamba la picha. Alipopitisha klorini, hapakutokea alama yoyote kwenye 35.5. Zilitokea kwenye 35 na kwenye 37. Mwaka 1922 Aston akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Atomi zote za klorini zina protoni 17, ndiyo maana zote ni klorini. Kinachozitofautisha ni nyutroni: nyingi zina 18, nyingine 20. Katika kila atomi 100, kama 76 ni klorini-35 na 24 ni klorini-37. Aina hizo ndizo ziitwazo isotopu. Hakuna atomi hata moja duniani yenye uzito wa 35.5, kama vile hakuna mwanamke wa Tanzania mwenye watoto 4.8, ingawa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulitoa wastani huo. Na hiyo 35.5 yenyewe imekatwa ili isimchoshe mtahiniwa. Thamani iliyo karibu zaidi ni 35.45, na IUPAC, chombo cha kimataifa cha wakemia, siku hizi hutaja masafa ya 35.446 hadi 35.457, kwa kuwa uwiano wa isotopu hubadilika kidogo kutegemea klorini imechotwa wapi.

Ukaidi wa kupima ulilipa tena kwenye klorini hiyohiyo. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Raymond Davis alijaza tangi la lita zipatazo 380,000 za dawa ya kusafishia nguo kwa njia kavu, ambayo imejaa klorini, ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi. Alikuwa akisubiri nyutrino kutoka kwenye jua. Mara chache mno, nyutrino moja ingegonga klorini-37 na kuigeuza argoni-37, naye angeisafisha argoni hiyo kutoka kwenye tangi na kuihesabu. Kwa miaka 30 hivi alinasa kama 2,000 tu, theluthi moja ya zilizotarajiwa. Waliodhani kwamba mzee amekosea kuhesabu walikuwa wengi. Baadaye ikadhihirika kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na tangi lake lilikuwa likiona aina moja tu. Davis alipokea Nobel mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 88.

Isotopu nyingine, klorini-36, ni nururifu na adimu sana. Huzaliwa hewani mionzi ya anga za mbali inapogonga argoni, kisha mvua huishusha ardhini. Nusu yake huoza kwa miaka 301,000 hivi, hivyo kilichobaki humwambia mtaalamu umri wa maji ya kale. Mwaka 2004 watafiti waliitumia pamoja na kriptoni-81 kuonyesha kwamba baadhi ya maji yaliyo chini ya jangwa la magharibi mwa Misri yana umri unaokaribia miaka milioni moja. Serikali yoyote inayochimba visima virefu ingefaidika kujua mapema kama inachota mvua ya juzi au akiba isiyorudi.

Kutoka huko hadi kwenye dumu la lita 20 si mbali. Atomi ya klorini ina elektroni 7 kwenye gamba la nje na inaitafuta ya 8. Hakuna elementi nyingine inayotoa nishati nyingi kama hiyo inapopokea elektroni moja. Uchu huo ndio chanzo cha karibu kila sifa yake, njema na mbaya. Ikishaipata elektroni hutulia na kuwa kloraidi: chumvi, iwe ya Bagamoyo au ya chemchemi za Uvinza, ni klorini kwa asilimia 61 hivi ya uzito wake, na hakuna anayeogopa kuitia kwenye maharage. (Ndiyo maana kisima cha pwani chenye maji ya chumvichumvi hakijatibiwa kwa lolote. Kloraidi iliyoshiba haiui kijidudu.) Bomba la PVC linaloleta maji nyumbani nalo ni klorini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake.

Kabla haijashiba ni gesi ya kijani-manjano, nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, inayotambaa chini na kujaa kwenye mashimo. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua maelfu ya mitungi ya gesi hiyo chini ya usimamizi wa mkemia Fritz Haber. Upepo uliipeleka kwenye mahandaki ya askari wa Ufaransa, wakiwamo Waafrika kutoka Algeria, nayo ikazama humo walimojificha. Miaka saba kabla ya hapo, daktari John Leal alikuwa ameanza kutia klorini kwenye maji ya Jersey City, Marekani, bila kumwomba mtu ruhusa. Jiji na kampuni ya maji walikuwa tayari mahakamani, na mahakama ikaona dawa ile inafaa. Elementi ya Ypres na ya Jersey City ni ileile. Kilichozitenga ni kipimo.

Na kipimo ndicho kinachokosekana mitaani kwetu Afrika Mashariki.

Pitia masoko na magenge ya miji mingi: jiki, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, huuzwa kwenye chupa za maji za nusu lita zilizotumika, angavu, zimepangwa juani, hazina karatasi yoyote ubavuni. Mnunuzi hajui ina nguvu ya asilimia ngapi wala ilitengenezwa lini. Mara nyingi muuzaji naye hajui, kwa sababu aliinunua kwenye pipa na kuigawa. Joto na mwanga huivunja dawa hii taratibu hadi ikabaki chumvi na maji, harufu ikiwa bado inamdanganya mnunuzi. Chupa mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana nguvu mara tatu au nne, na chupa hizohizo ndizo baadhi ya familia hutumia kutibu maji kipindupindu kinapoingia mtaani, kama kilivyoingia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani.

Fanya hesabu ndogo. Magharibi mwa Kenya, pale Busia, utafiti wa mchumi Michael Kremer na wenzake, yule aliyeshiriki Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, ulisaidia kuzaa vifaa vya kutolea klorini vilivyowekwa palepale kwenye chemchemi. Mtu anageuza valvu, zinatoka mililita 3 za dawa yenye nguvu ya asilimia 1.25, anajaza dumu la lita 20, anaondoka. Hiyo ni kama miligramu 1.9 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya dakika 30 ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita, na kikomo chake cha juu kwa afya ni 5. Sasa chukua kwa kizibo mililita 3 zilezile za jiki yenye asilimia 3.5: dumu linapata zaidi ya 5. Chukua tena jiki iliyochakaa juani hadi asilimia 0.3: linapata chini ya 0.5 hata kabla tope halijala sehemu yake. Kizibo kilekile na mkono uleule, lakini familia moja inakunywa maji yasiyonyweka na nyingine inakunywa vijidudu ikiamini imejikinga.

Tope si jambo dogo. Klorini haichagui. Hushambulia udongo na majani yaliyooza kama inavyoshambulia bakteria, ndiyo maana maji ya rangi ya chai yanahitaji kuchujwa au kutuama kwanza, na mbegu za mlonge zilizosagwa husaidia tope kushuka. Kuna na suala la pH. Muuaji hasa ni asidi ya haipoklorasi, isiyo na chaji na inayopenya ukuta wa bakteria kwa urahisi. Maji yakipita pH ya 7.5 hivi, sehemu kubwa yake hugeuka ioni ya haipokloraiti, ambayo ni dhaifu zaidi kwa kazi hiyo. Maji ya magadi ya Bonde la Ufa hayatibiki kwa kipimo cha maji ya mvua.

Wenye uzoefu mkubwa wa mambo haya pengine wako Goma. Kando ya Ziwa Kivu, nyakati za kipindupindu, vijana husimama na ndoo ya dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila anayepanda kutoka ziwani na bidoni yake husimama, anatiliwa mililita zilizopangwa, anaendelea na safari. Hakuna anayemwaga kwa kizibo. Mji uliozika makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994 kwa kipindupindu hauhitaji kuelezwa kwa nini.

Watu wa mijini wana malalamiko ya aina nyingine: maji ya bomba yananuka dawa. Malalamiko hayo yasipuuzwe, ila yasomwe vizuri. Harufu kali ya bwawa la kuogelea, kwa mfano, kwa kawaida hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji, na huashiria dawa imeelemewa. Pua ni kipimo kibovu. Wala klorini si ya kutegemewa kwa kila kitu: mwaka 1993 watu wapatao 400,000 waliugua Milwaukee, Marekani, kwa kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, kilichopita kwenye mtambo uliokuwa ukichuja na kutia klorini. Kwa maji ya aina hiyo, kuchemsha bado kunashinda.

Halafu kuna choo. Anayechanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi ili madoa yatoke haraka anatengeneza gesi ya Ypres kwenye chumba cha mita moja na nusu kisicho na dirisha. Kwa kuwa gesi hiyo hutanda chini, mtoto anayetambaa mlangoni anaivuta kabla ya mama aliyesimama. Onyo hilo halipo kwenye chupa isiyo na karatasi.

Kuwafukuza wauzaji wadogo hakutasaidia, kwani watahamia mtaa wa pili. Mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yahangaike na pipa linalowauzia: asiuziwe mtu jiki ya kugawa bila kupewa karatasi za kubandika zenye asilimia ya klorini, tarehe ya kutengenezwa na onyo la kutochanganya na asidi, pamoja na chupa zisizopitisha mwanga. Jiki yenye manukato iandikwe wazi kwamba si ya maji ya kunywa. Gharama ya karatasi ni ndogo kuliko dripu moja ya kambi ya kipindupindu.

Shule nazo ziingizwe kwenye kazi hii. Kifaa cha kupimia klorini iliyobaki ni kidogo, kinashikika kiganjani: mirija ya maji ya mililita 10, kidonge cha DPD, na mistari ya rangi ya kulinganishia. Maji yenye klorini hugeuka waridi, na waridi likikolea namba inapanda. Somo la klorini lingeweza kuanza na chupa kumi zilizoletwa kutoka majumbani, kila moja ikiwa na jina la mtaa ilikotoka, namba zikiandikwa ubaoni moja baada ya nyingine, na nakala ikapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa ili mamlaka ya maji ijue ni bomba lipi dawa haifiki.