Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Bima Isilipie Vitamini D kwa Sababu ya Unene Peke Yake

Mheshimiwa Waziri,

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kila huduma inayoingia kwenye kitita cha mafao hulipwa na wachangiaji. Naomba kipimo cha vitamini D na vidonge vyake visiingizwe humo kwa hoja kwamba mtu mnene akiongezewa vitamini hiyo, mcharuko wa kinga mwilini mwake utatulia, na kisukari na maradhi ya moyo yatamwepuka.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Mafuta ya tumboni yakizidi, seli za kinga hujazana humo na kumwaga kemikali zinazofika hadi kwenye ini. Ini nalo hutoa protini ya CRP, ambayo maabara huipima kama dalili ya mcharuko. Watu hao hao huwa na vitamini D kidogo kwenye damu. Lakini kipi kimezaa kipi? Mwaka 2000 watafiti wa Boston waliwaweka wanene na wasio wanene chini ya mwanga ule ule wa urujuanimno. Ngozi za wanene hazikuwa na upungufu wa malighafi ya kutengenezea vitamini D, ila kiwango chake kwenye damu yao kilipanda kwa asilimia 57 chini ya wenzao. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta huishikilia. Mwaka 2013 uchambuzi wa jeni za watu wapatao 42,000 ulionyesha kwamba jeni za unene hushusha vitamini D, ilhali zile za upungufu wa vitamini D hazikuonekana kuleta unene. Kisha mwaka 2016 majaribio ya vidonge kwa watu wenye uzito uliozidi yalijumlishwa: CRP haikushuka kwa kiasi cha kuaminika.

Wapo watakaosema dozi zilikuwa ndogo mno kwa miili mikubwa. Jaribio la D2d la Marekani, lililochapishwa 2019, liliwapa watu waliokaribia kupata kisukari, wengi wao wanene, yuniti 4,000 kila siku. Vitamini D kwenye damu yao ilikaribia kuongezeka maradufu, lakini tofauti ya waliougua kisukari ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuwa ya bahati tu. Ni kweli kwamba majaribio matatu ya aina hiyo yalipounganishwa mwaka 2023, hatari ilipungua kwa asilimia 15. Hilo nalikubali, lakini linawahusu wenye sukari iliyokwisha kuanza kupanda, si kila mwenye kitambi.

Wengine watauliza, kidonge kina ubaya gani? Kikizidishwa hupandisha kalsiamu na kuharibu figo. Kikitumiwa kwa kiasi, bado kinamlaghai mtu aone amekwisha kutibiwa.

Siwasahau wenye matege, wenye mifupa laini, wala wanaofichwa jua na kazi au mavazi. Hao walipiwe bila maswali. Kwa wengine fedha ziende kwenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na tepe ya kupimia kiuno katika kila zahanati, maana mafuta ya tumboni yakipungua, CRP hushuka. Na kama kamati ya kitita itaamua vinginevyo, naomba ichapishe ushahidi ilioutegemea, pamoja na gharama kwa kila mwanachama.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchangiaji wa bima