FUNDI WA SAUTI ALIPWE KAMA FUNDI

Ndugu wafanya kazi,

Kila tarehe 1 Mei twakusanyika kusikiliza hotuba za viongozi wa vyama. Maneno mazito hutamkwa siku hiyo juu ya mshahara, nyumba na heshima ya mtu wa kazi, nasi twapiga makofi. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza sauti ile imefikaje masikioni mwetu? Spika hazikuota uwanjani kama uyoga. Wako vijana waliozishusha kutoka katika lori kabla jogoo hajawika, wakavuta waya kwenye umande, wakapanda juu ya vyuma kuzifunga. Sisi tukirudi nyumbani, wao hubaki kuzifungua na kuzipakia tena mpaka usiku. Ukiwauliza watalipwa lini, wengi watakujibu: "Tajiri amesema tungoje."

Jambo hilo ni la aibu, nami nalisema hapa katika karatasi yetu wenyewe. Haki ya mfanya kazi haifai kutangazwa kwa jasho la mfanya kazi asiyelipwa.

Mimi ni mtu wa reli, na makazi yangu ni Kianda, Kibera. Huku kwetu, na kadhalika kwa wenzetu wa Kawangware, vijana wengi wameshika kazi ya vyombo. Leo ni mkutano wa injili katika kiwanja cha Kamukunji, kesho ni mkutano wa siasa, kesho kutwa ni bendi ya kucheza mpaka asubuhi. Njia zetu ni nyembamba, lori haliingii, basi spika hubebwa mabegani kupita juu ya mitaro. Kwa kuwa watu huwaona wakibeba, hudhani kazi yao ni kubeba tu. Na matajiri wenye vyombo hufurahi sana watu wakidhani hivyo, maana mbebaji hulipwa bei ya mbebaji.

1. KAZI HII NI UFUNDI

Haya, na tuitazame kazi yenyewe. Sote twaijua ile kelele ya mluzi inayotoka katika spika ghafula hata watu wakaziba masikio. Asiyejua husema mashine ni mbovu. Fundi ajua kwamba sauti iliyotoka katika spika imeingia tena katika maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, na kuzunguka hivyo bila kikomo. Dawa yake si kuipiga maiki makofi. Dawa ni kuziweka spika mbele ya maiki zikielekea watu, na kumwambia mwimbaji ailete maiki karibu na mdomo. Kisha fundi hutafuta ni mlio gani hasa unaolia, wa juu au wa chini, akaupunguza huo peke yake katika mikisa asiharibu mingine. Kuutambua mlio huo kwa sikio ni elimu ya miaka. Na katika kanisa la mabati taabu huzidi, kwa sababu mabati huirudisha sauti pale pale ilikotoka.

Chukua tena jambo la umbali. Mahali pa wazi, umbali kutoka kwa spika ukiwa mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Kwa hivyo wa mbele huumia masikio na wa nyuma hasikii neno. Fundi huweka spika nyingine katikati ya uwanja ili kuwasaidia wa nyuma. Lakini hapo huzaliwa taabu ya pili. Ninyi wa reli mmeiona: mwenzako akigonga msumari wa reli mbali nawe, kwanza waiona nyundo ikianguka, na mlio waja baadaye. Sauti hupita hewani mita 340 hivi kwa sekunde, bali katika waya hufika mara moja. Basi spika iliyowekwa mita 34 kutoka jukwaani ingesema neno sehemu ya kumi ya sekunde kabla sauti ya jukwaani haijawasili, na watu wangesikia maneno mawili yakigongana. Hapana budi fundi aicheleweshe spika ile kwa kiasi kile kile. Je, mtu anayepiga hesabu hii gizani, mvua ikinyesha, mnamwita mbebaji?

2. KAZI HII NI YA HATARI

Stima ya Kenya ni ya volti 240. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma kwa mkono, na mdomo wake hugusa maiki ya chuma. Ikiwa gitaa lapata stima katika soketi moja na mikisa katika soketi nyingine, na ule waya wa ardhini uitwao athi umekatika au haukuwekwa, basi stima yaweza kupita mwilini mwake kutoka chombo kimoja kwenda chombo cha pili. Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 1972, huko Swansea katika nchi ya Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mbele ya watu kwa kugusa maiki isiyokuwa na athi. Huku kwetu, ambako waya za stima mara nyingi zimeungwa-ungwa juu ya mapaa, fundi wa vyombo ndiye anayesimama kati ya mwimbaji na kifo.

Majukwaa nayo huanguka. Tarehe 16 Juni 2012, katika mji wa Toronto nchini Kanada, jukwaa lililojengwa kwa ajili ya bendi ya Radiohead liliporomoka kabla watu hawajaingia. Aliyekufa hakuwa mwimbaji, alikuwa Scott Johnson, fundi wa ngoma. Mashtaka yalifunguliwa, lakini mwaka 2017 yalisimamishwa kwa sababu kesi ilikuwa imechukua muda mrefu kupita kiasi. Ikiwa mambo ni hayo katika nchi tajiri, itakuwaje kwa kijana wa Kianda ambaye jina lake haliko katika daftari lo lote?

Hatari ya tatu ni ya pole pole. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, wapendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zikiongezwa desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Bendi hupiga usiku kucha. Mtu aliyelipa kiingilio akichoka hutoka nje. Fundi hana ruhusa ya kutoka. Na sikio likifa halifufuki. Kizibo cha sikio ni kitu cha bei ndogo sana, lakini tajiri atanunua spika ya tano kabla ya kununua kizibo cha kwanza.

3. VISINGIZIO VYA MATAJIRI

Cha kwanza: "Hao ni vibarua wa siku, si watu wangu." Vema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Haikusema mwezi ujao. Tena yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wako vijana ambao wamefuata lori lile lile miaka mitatu na bado huitwa vibarua. Wakidai haki huambiwa ni wageni, na lori likitaka kupakiwa huambiwa ni watu wa nyumbani.

Cha pili: "Mteja hajanilipa." Hilo lamhusu nini aliyebeba? Faida ikija, tajiri hagawi. Hasara ikija, ataka tugawane.

Cha tatu: "Umeharibu chombo, nitakata." Kijana mmoja wa ploti yetu alifanya kazi siku mbili, na malipo yake yote yakazuiliwa kwa ajili ya waya uliokatika, waya ambao alikwisha kumwonyesha msimamizi kuwa umechakaa. Sheria ile ile yaruhusu kukata kiasi cha haki tu, na tena pale hasara ilipotokana na kosa la kukusudia. Waya uliozeeka haukukusudiwa na mtu.

Cha nne ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kimepakwa asali: "Wanapenda muziki, wanajifunza, watajulikana." Dereva wa treni naye aipenda treni yake. Je, akatwe mshahara kwa mapenzi hayo? Duka la Kianda halipokei kujulikana, lapokea shilingi. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka jinsi Labani alivyomgeuzia Yakobo ujira wake mara kwa mara, na Yakobo alikuwa mkwe wake! Sembuse kijana asiye na udugu na tajiri.

4. LATUHUSU NINI SISI?

Najua wako watakaosema: "Sisi tuna chama chetu na kazi yetu, ya spika yatuhusu nini?" Nawajibu kwa khabari za Mombasa. Januari 1947 watu wa bandari, watu wa reli na vibarua wengi wa mji waliacha kazi pamoja. Kutoka katika mgomo ule ilizaliwa nguvu ya African Workers' Federation, na kiongozi wake Chege Kibachia alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa uhamishoni. Serikali ya wakoloni haikuogopa kikundi kimoja. Iliogopa kumwona mtu wa mshahara na kibarua wakisimama upande mmoja. Nasi tukimwacha kibarua peke yake leo, kesho tajiri atatuonyesha bei yake na kutuambia: "Huyu akubali hii, wewe wadai nini?"

5. LA KUFANYA

Vijana wa vyombo, shikeni daftari. Kabla lori halijaondoka, andikeni majina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na bei mliyopatana, na msimamizi atie sahihi. Fanyeni kama tufanyavyo katika reli: fundi akiingia chini ya behewa, alama nyekundu huwekwa, na hakuna anayelisogeza mpaka aliyeiweka aiondoe mwenyewe. Basi na swichi ya jenereta ishikwe na mtu mmoja, asiiwashe mpaka kila aliye juu ya vyuma ameshuka na athi imepimwa. Ajali ikitokea, dai fidia: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri awe na bima. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama na kuingia katika chama. Haikusema "isipokuwa mbeba spika".

Nasi wanachama, tuanzie nyumbani. Chama kikikodi vyombo kwa mkutano, katibu amwulize mwenye vyombo maneno matatu: Watu wako walipwa leo hii hii? Wana bima? Wana vizibo vya masikio na athi iliyopimwa? Akikosa jibu, tumwache tutafute mwingine. Naomba jambo hili liletwe katika mkutano wetu ujao na lipigiwe kura, mikono juu, sauti ikisikika mpaka nyuma.

Na siku hiyo tukimaliza, tusikimbilie matatu. Tungoje tuone vijana wale wakilipwa.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mtu wa Reli, Kianda