Kijana Hasahau Dawa, Anazificha

Siku hizi ni nadra kuona mradi wa VVU kwa vijana usio na programu yake ya simu. Hoja ni ileile: vijana wanashinda kwenye simu, basi tuwafuate hukohuko, tuwakumbushe ARV, na virusi vitafubaa. Ni hoja tamu, lakini inadhani kijana anaacha dawa kwa sababu anasahau.

Wapo wanaosahau. Wengi wanaficha. Kopo la dawa likitikisika bwenini linalia, kwa hiyo mwanafunzi anafunga vidonge kwenye karatasi na kuvisokomeza ndani ya soksi. Saa yake ya dawa anaijua. Anachosubiri ni wenzake walale. Simu yenyewe shule za bweni, Kenya na Tanzania, kwa kawaida haziiruhusu. Akirudi nyumbani anaazima ya kaka, na kikumbusho cha dawa kikitokea kwenye kioo, siri imekwisha.

Wapenda programu watakutajia utafiti wa WelTel wa Kenya, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Wausome vizuri. Kila wiki, watu wazima walioanza ARV walitumiwa SMS ya kawaida: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyekaa kimya siku mbili, alipigiwa na mhudumu wa kliniki. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57, dhidi ya 48 ya wasiotumiwa. Hakuna aliyepakua kitu wala kuchoma bando. Kilichokuwepo ni mtu wa kuuliza, na wa kupiga simu asipojibiwa.

Zimbabwe wanalijua hilo. Mpango wa Zvandiri huwafundisha vijana wanaoishi na VVU kuwatembelea wenzao majumbani na kuwatumia ujumbe. Simu ipo, ila inafanya kazi ya mtu anayejua mwenyewe maana ya kumeza dawa kwa kujificha.

Tutaambiwa mtu ni ghali, programu ni rahisi. Rahisi kwa nani, ikiwa mwenye dawa anaifuta kabla dada yake hajaiona? Wizara na wafadhili wakiletewa programu nyingine, waulize kabla ya kusaini: kijana akiandika "Shida" usiku, nani atampigia, na analipwa na nani? Jibu likikosekana, fedha hizo ziwaajiri waelimishaji rika.